Z/28 ya Mzee, Boss 302 ya Karatasi

Mkono wa kushoto nilishika kioo kidogo cha daktari wa meno, wa kulia tochi, na shavu langu lilikuwa limelalia fenda ya Camaro ambayo mwenyewe haruhusu hata mjukuu wake aiegemee. Nilikuwa natafuta mistari. Nyuma ya alteneta, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, kuna kijukwaa cha chuma ambacho juu yake hugongwa namba za injini. Kikiwa hakijaguswa tangu kiwandani, huwa na mikwaruzo myembamba iliyonyooka, kama njia za kitana kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Hizo ni alama za mashine iliyokwangua bloku, yaani mwili wa injini, kabla ya namba kugongwa.

Namba nilizikuta. Mistari sikuiona.

Mzee mwenye gari alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. Hakuuliza kitu. Na mimi sikumuuliza kitu. Hii ni wiki ya saba, na kila jioni nikizima gari langu narudi kimawazo pale pale kwenye fenda ile.

## Hela ya gari moja

Gereji ninayofanyia kazi iko kaskazini kidogo mwa Cincinnati, Ohio. Sehemu ya riziki yetu ni kukagua magari ya kale kwa niaba ya wanaotaka kununua: wao wanalipa, sisi tunajilaza uvunguni. Mteja wa safari hii ni mstaafu, mtu wa maneno machache, aliyeweka akiba miaka mingi kwa ajili ya gari moja akajikuta amependa mawili. Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969 na Ford Mustang Boss 302 ya 1970. Bei walizotaja wauzaji zilipishana kwa hela ya seti ya matairi tu.

"Usiniandikie ripoti ya kurasa kumi," aliniambia. "Niambie, ungekuwa wewe ungechukua lipi?"

Nikacheka. Mimi naendesha Corolla.

## Mapacha wa nyumba mbili

Watu wa Ford na watu wa Chevrolet hubishana kama Simba na Yanga, lakini ukifungua boneti za magari haya mawili unaona haya kwa niaba ya wabishi. Sheria za mashindano ya Trans-Am zilitaka injini isiyozidi lita 5, yaani inchi za ujazo 305. Chevrolet wakachukua bloku ya injini yao ya inchi 327 wakaitia krenki yenye mwendo wa ile ya 283: kipenyo cha silinda inchi 4, mwendo wa pistoni inchi 3. Jumla 302. Ford nao wakafika hapo hapo, inchi 4 kwa inchi 3. Zote mbili zikatangazwa kuwa na nguvu za farasi 290 kwa mizunguko 5,800 kwa dakika, namba ambayo sijakutana na fundi anayeiamini. Zote kabureta ya Holley, zote gia nne za mkono, hakuna otomatiki, hakuna kiyoyozi, na zote zina tapeti ngumu zinazolia kama cherehani ya barazani.

Hata damu zimechanganyika. Semon Knudsen aliwahi kuwa mkuu wa Chevrolet kabla ya kwenda kuwa rais wa Ford mwaka 1968. Mchoraji Larry Shinoda akamfuata kutoka General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, naye ndiye aliyeipa Boss mistari yake na jina lake. Uwanjani, Camaro za Roger Penske, Mark Donohue akiwa usukani, zilichukua ubingwa 1968 na 1969. Mwaka 1970 zamu ikawa ya Mustang za Bud Moore, zikiendeshwa na Parnelli Jones na George Follmer. Knudsen hakuwepo kusherehekea. Henry Ford II alishamfukuza kazi Septemba 1969.

Tofauti yenyewe iko juu ya bloku. Ford waliweka silinda hedi za ukoo wa Cleveland, zenye valvu kubwa zilizoinamishwa na njia za hewa ambazo karibu upitishe yai. Injini ikipiga kelele, hedi hizo ni tamu. Ikiwa chini ya mizunguko 3,000, unakanyaga mafuta na yenyewe bado inafikiria. Z/28 nayo haina haraka huko chini, ila huamka mapema kidogo. Kwenye taa za barabarani, Altezza ya jirani yako ingekusumbua ukiwa ndani ya yoyote kati ya hizi mbili. Halafu sindano ivuke 4,000.

Hapo sina maneno. Nywele za mikono zinasimama.

Niliendesha yote mawili ndani ya wiki moja, na jibu langu la uendeshaji halikuchelewa: Boss. Ile gia ya Hurst inaingia kama komeo la mlango uliotengenezwa na fundi asiyekimbizana na muda, na kwenye kona gari linatii. Kwa kutazama, Camaro, na hapo sibishani na mtu. Mabega yale juu ya matairi yalitoka mwaka mmoja tu, 1969, na hayakurudi.

Lakini mkusanyaji hanunui uendeshaji. Angekuwa anaununua, mazungumzo yangeishia hapo. Wala hanunui uchache peke yake: Boss ya 1970 zilitoka zaidi kidogo ya 7,000, wakati Z/28 za 1969 zilizidi 20,000, na bado bei zao zinatembea bega kwa bega. Tena katika gereji yetu kuna utani kwamba Z/28 za 1969 zinazidi kuzaliwa kila mwaka. Unachukua Camaro yoyote ya V8 ya mwaka ule, unaichora mistari miwili, unaifunga injini na beji, na mtoto amepatikana.

## "Sasa wanakata hela kwa nini?"

Ufundi nilifundishwa na mjomba wangu, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Kule injini ikifa unakwenda kuchagua nyingine kwenye lundo la zilizoshushwa kutoka Japani, unaifunga, na mwenye gari anaondoka na tabasamu. Zikibaki taratibu za kubadilisha namba kwenye kadi, hizo ni za mwenye gari. Hakuna anayelia. Gari lililofungwa injini nzima ni gari lililopona.

Nilimpigia simu usiku ule niliporudi kutoka kuikagua Boss.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Habari za baridi?"

Nikamweleza. Boss ilipasua pistoni miaka mingi iliyopita. Sketi za pistoni za injini hizi zina historia ya kupasuka, na kipande kikishatoka bloku haibaki salama. Ikafungwa bloku nyingine, ya aina ile ile, ya Ford, nzuri kabisa. Na kwa sababu hiyo gari limeshuka thamani kwa maelfu ya dola.

Kimya.

"Hiyo iliyofungwa ni nzima?"

"Nzima, mjomba. Nimeisikiliza."

"Sasa wanakata hela kwa sababu gari limetengenezwa?"

Nikajaribu kumweleza habari ya namba kusomana, kwamba injini, giaboksi na bodi vinatakiwa viwe ni vile vilivyotoka pamoja siku moja kiwandani. Akauliza ile bloku iliyopasuka iko wapi. Nikamwambia muuzaji anayo, ameifunga turubai bandani, na atakayenunua gari atapewa na bloku. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mnatunza maiti," akasema.

Nilicheka naye. Ila nilipokata simu niligundua kwamba kwa miaka sita hapa nimekuwa nikiziamini kanuni hizi kama nilizaliwa nazo, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kumsikia mtu anayejua injini akiziona kituko.

## Gari lenye cheti

Pamoja na maiti yake bandani, Boss ilikuwa kazi rahisi. Namba kwenye dashibodi inaanza 0F02G. Sifuri ni 1970, F ni kiwanda cha Dearborn, 02 ni bodi ya mgongo wa mteremko, G ni injini ya Boss 302 na si nyingine yoyote. Gari limejitaja lenyewe. Ukitaka kumghushia mtu Boss 302 itakubidi uibe utambulisho mzima, kwa sababu namba hiyo imegongwa hadi kwenye kuta za ndani za fenda.

Halafu kuna kumbukumbu. Marti Auto Works ya Arizona wanazo data za uzalishaji za Ford kuanzia magari ya mwaka wa modeli 1967. Unawapa namba ya chesisi, unalipa, unaletewa karatasi. Ya gari hili ilisema rangi ni Grabber Blue, ikataja difu, ikataja duka lililoliagiza na tarehe lilipotengenezwa. Niliisoma mezani jikoni, chai ikipoa, kama ninayesoma cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu. Kila kitu kinasomana isipokuwa moyo. Na habari ya moyo muuzaji alinieleza kabla sijafunga hata mlango wa gari langu.

## Gari lenye kauli

Camaro ya mzee inaanza 124379N. Yaani Chevrolet, Camaro ya V8, milango miwili, 1969, kiwanda cha Norwood. Basi. Haisemi Z/28. Z28 ilikuwa ni namba ya kifurushi kwenye fomu ya oda, mtu aliweka alama au hakuweka, na Chevrolet Marekani hawakutunza kumbukumbu za gari moja moja ambazo leo ungeweza kwenda kuziuliza. Magari yaliyouzwa Canada yana bahati zaidi. Hili halikwenda Canada. Halikwenda mbali kabisa. Norwood ni mji mdogo uliozungukwa na Cincinnati pande zote, na mimi hupita barabara yake karibu kila siku. Kiwanda kilifungwa 1987. Leo pale ni maofisi na maduka.

Kuna kibati kidogo kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na mara nyingi ndicho kinachookoa. Norwood waliweka juu yake alama ya X33 au X77 kama gari ni Z/28. Lakini walianza kuweka alama hizo katikati ya Desemba 1968. Kibati cha mzee kinasoma 12A.

Wiki ya kwanza ya Desemba.

Nilikaa chini kabisa pale sakafuni. Gari lingechelewa siku kumi na kitu tu kwenye mstari wa uzalishaji, lingekuwa na ushahidi wake mwilini. Kulikuwa pia na kisahani cha chuma kilichokuja na kitabu cha waranti, Protect-O-Plate, chenye alama za injini na giaboksi. Cha mzee kilipotea pamoja na maboksi wakati wa kuhama nyumba. Alivyonieleza, gari alilinunua 1978 kwa jirani aliyelichukua jipya dukani, na jirani ameshafariki.

Kwa hiyo tukabaki na gari lenyewe. Difu ni ile ya boti 12, sawa. Diski za breki mbele, sawa. Nilipitisha sumaku bodi nzima nikakuta puti sehemu moja tu, chini ya mlango wa kushoto, kipande cha kiganja. Injini imegongwa herufi DZ, ambazo ni za 302 ya 1969 peke yake, na pembeni yake 19N na tarakimu zinazolingana na za dashibodi. Kama namba hizo ni za kiwandani, hii ni Z/28 halisi yenye injini yake. Kama ziligongwa na mtu gizani, ni Camaro ya kawaida iliyovaa suti ya kuazima. Gari zima lenye umri kunizidi likawa linaning'inia kwenye kipande cha chuma cha vidole viwili.

Na mistari haikuwepo.

## Sentensi mbili

Niliandika hivi: kijukwaa cha namba hakina alama za mashine ya kiwandani. Uhalisia wa injini hauwezi kuthibitishwa.

Sentensi mbili, zote za kweli. Mteja akanipigia akasema amesoma, sasa nimwambie kwa mdomo. Nikasema chukua Boss. Akachukua Boss. Nilimwona wiki iliyopita, anameremeta kama bwana harusi, na sina shaka hata kidogo kwamba nilimshauri vizuri.

Ingeishia hapo mngekuwa hamsomi makala hii.

Mteja, kwa uungwana wake, alimpelekea mzee nakala ya ripoti ili ajue kwa nini biashara imekufa. Wiki mbili baadaye mzee akapiga simu gereji, akaomba kuongea na yule kijana wa kioo. Sauti haikuwa ya hasira. Alisema mwaka 1981 gasketi ya silinda hedi iliungua, injini ikachemka, na bloku ikapelekwa kusagwa uso ili hedi ikae sawa. Fundi mashine alimwambia namba zitaondoka. Akaziandika kwenye karatasi, akasaga, akazirudisha kwa nyundo.

"Ningekwambia," alisema. "Hukuniuliza."

Hukuniuliza.

Ndilo neno ninalolala nalo. Gerezani kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla hata ya kutofautisha spana ya 10 na ya 12, ilikuwa kumuuliza mwenye gari. Limeanza lini? Lilifanya nini kabla ya hapo? Nani aligusa? Nimekuja huku nikanunua kioo na tochi nzuri, nikaanza kuwaona wenye magari kama watuhumiwa.

Sasa msinielewe vibaya. Kauli ya mzee haithibitishi chochote. Kusaga uso wa bloku kunafuta mistari, hilo ni kweli, na mafundi wengi walirudisha namba kwa nia njema. Lakini ni maneno yale yale ambayo mghushi angekwambia, neno kwa neno. Na kwa wakusanyaji wakali, namba iliyogongwa upya imegongwa upya tu, awe aliyegonga ni malaika.

Hata hivyo kuna kitu nilikiona siku ile nikakipita. Namba zilikuwa zimekaa vibaya. Ile 9 ilizama kuliko wenzake, N imelala upande. Mghushi wa siku hizi anatafuta herufi za umbo lile lile la kiwanda, anazipanga kwenye kishikio zinyooke, wengine wanachora hata mistari ya uongo. Kazi niliyoiona mimi ilikuwa ya mtu aliyekuwa anahifadhi namba isipotee, asiyejua kwamba siku moja atakuja mtu kuichungulia kwa kioo cha meno.

Hiyo ni hisia, na hisia haiingii kwenye ripoti. Lakini kauli ya mwenye gari inaingia. Ilistahili sentensi ya tatu.

Na lile swali la mteja, ungekuwa wewe? Ningechukua Camaro. Ningelipa nikijua kwamba siku ya kuiuza nitapata hasara.

## Jumapili

Nilimpigia mzee nikamwomba nikamrekebishie tapeti, bure. Nilizisikia siku ya ukaguzi zikilia mno upande mmoja. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema njoo baada ya kanisa.

Kemshafti ya injini hii inaitwa 30-30, na jina limetokana na mwanya wenyewe: inchi 0.030 kwa valvu za kuingiza na 0.030 kwa za kutolea. Mwanya mkubwa huo, na unapimwa injini ikiwa ya moto. Kwa hiyo tukaizungusha mtaani kwanza, mzee usukani, mimi pembeni na madirisha wazi. Tulipoingia bandani nilifungua kava ya kulia haraka, nikachukua fila geji ya kupimia mwanya, nikampa mzee tochi anishikie.

Valvu ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili imelegea. Ya tatu nikaona mwanga umeondoka kwenye spana yangu.

Mzee alikuwa ameuelekeza nyuma ya alteneta. Ameinama, miwani imeshuka puani.

"Hiyo mistari," akasema. "Ingekuwaje?"

Miaka zaidi ya arobaini na gari lake, na hakuwahi kuitafuta. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikamchorea kwenye vumbi la benchi: hivi, hivi, hivi, imekaribiana, imenyooka, kutoka mbele kwenda nyuma. Akaitazama ile vumbi, akarudi kwenye chuma, akarudi kwenye vumbi.

"Mzee," nikasema, "injini inapoa. Nirudishie mwanga hapa kwenye ya tatu."